Bunduki Iliyokaa Nyumba Mbili

Mzee Milimita alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu kimekaa vibaya, hawezi kunyamaza. Alikuwa mkerezaji wa vyuma, na jina hilo alipewa na wateja waliofuata ekseli zao wakaambiwa warudi kesho, kwa kuwa zimezidi kwa unene wa unywele, tena unywele wa mtoto mchanga. Kwenye mazishi ya jirani yake alisimamisha maombi ili jeneza linyooshwe. Kwenye harusi alipotea, akatafutwa, akakutwa chini ya meza ya maharusi akiingiza kipande cha kadibodi ili mguu mmoja uache kucheza. Watu walidai kwamba hata akiwa usingizini alisikia skrubu ikilegea nyumba ya tatu. Mkewe, fundi cherehani asiyependa kutiliwa chumvi, aliwakatalia. "Waongo hao," alisema. "Nyumba ya pili."

Karakana yake ilishikana na nyumba. Mlango mmoja ulitazama barabara, mwingine uliingia chumba cha cherehani. Mteja yeyote aliyekanyaga humo alipokewa na ukelele hata kabla ya salamu: "Mikono ya shati!" Maana yake, kunja mikono hiyo kabla hujanisogelea, kwa sababu mashine ya kukereza inazunguka kwa nguvu na haina macho. Ikidaka uzi itavuta uzi, kisha kitambaa, kisha mwenye kitambaa.

Mtu wa namna hiyo ukimpa bunduki, umemwoza mke wa pili.

Ilikuwa bunduki ndogo, halali, ya kuwindia vicheche na mbwa koko waliokuwa wakimaliza mifugo ya watu. Risasi zake zilikuwa zile ndogo ambazo pini huzigonga ukingoni mwa kitako, si katikati, zikalia kama kofi. Ajabu yake ilikuwa mitutu. Unalegeza skrubu mbili kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, unachomoa mtutu mmoja, unachomeka mwingine, na bunduki inageuka kuwa bunduki nyingine. Mtutu mnene ulikuwa wa kazi ya karibu, wa kuangusha mbwa. Mtutu mwembamba ulikuwa wa kunguru wa mbali. Risasi yake ilikwenda kama umbea.

Na kila mtutu ulikuwa na risasi zake. Nene ilikuwa imenyooka kama kipande cha chaki. Nyembamba ilikuwa na kitako kilekile cha mwenzake, lakini juu ilibanwa shingo kama chupa ya soda. Balaa lilikuwa hapo. Risasi nene ukiipeleka mtutu mwembamba, inagoma mlangoni. Lakini nyembamba ukiipeleka mtutu mnene inaingia, inakaa, komeo la bunduki linafungwa, na kila kitu kinaonekana kiko sawa kabisa.

Milimita hakuinunua peke yake. Alichangiana na shemeji yake, muuza nyama, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Kifua. Jina hilo alijipa mwenyewe na akasimamia lisife. Kila shati lake lilikosa vifungo vitatu vya juu, na si kwa umaskini.

"Shemeji," Kifua alipenda kusema, "wewe bunduki unaipima. Mimi ndiye inayenipenda."

Penzi hilo lilikatika siku mwenye banda la kuku alipowaita mbio. Mbwa koko walikuwa wameingia mchana kweupe, manyoya yamejaa hewani kama godoro lililopasuka, na kuku walionusurika wamepanda juu ya paa. Zamu ilikuwa ya Kifua. Aliyeongoza kundi alikuwa dume la rangi ya majivu, mdomo wote mwekundu. Kifua alikuwa amefunga mtutu mnene, sawa, lakini mfukoni mwake zilikuwa zimebaki risasi nyembamba za kunguru. Akapakia, akalenga, akafyatua.

Bunduki haikulia. Ilikohoa. Ganda lilipasuka ndani likanasa, moshi wa moto ukamrudia Kifua shavuni, na risasi ikatoka kivivu kama mtu aliyeamshwa mapema, ikamgonga mbwa begani. Mbwa akageuka kuangalia ni nani aliyemtupia punje. Kisha akaja. Kifua alivuta komeo, likakataa. Akavuta tena, na kabla hajamaliza mbwa alikuwa ameshika nyama ya mguu wake akiitikisa kama tambara. Milimita alifika na sepetu, akapiga shingo ile mpaka ikalegea, akabandua meno kwenye mguu moja moja. Halafu akaokota bunduki, akachungulia, na ugonjwa ukampanda.

"Umetia nyembamba kwenye mnene! Wewe! Nimekwambia mara ngapi tazama shingo ya risasi?"

"Shemeji, naliwa, na wewe unafundisha?"

"Ndiyo maana umeliwa!"

Na kwa kuwa hakuweza kuacha jambo nusu, alimpasua yule mbwa papo hapo kuona risasi ilifika wapi. Ilikuwa chini ya ngozi tu, imelala juu ya mfupa kama punje ya mtama. Alimwonyesha Kifua. Alimwonyesha mwenye kuku. Alimwonyesha daktari aliyeshona mguu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akieleza, na walipofika nyumbani akaanza upya ili mkewe asipitwe. Hapo Kifua, mguu umevimba na sikio limechoka, akamrushia ngumi iliyong'oa jino. Milimita akajibu kwa tupa ya chuma, akampasua paji. Kifua akachomoa kisu cha kuchunia.

Mwanamke akaingia katikati. Mkasi wake mkubwa ulining'inia shingoni kwa utepe kama kawaida, lakini safari hii alikuwa ameushika, wazi, ncha moja inamtazama mume, nyingine inamtazama ndugu.

"Anayetaka kushonwa aseme," alisema.

Hakuna aliyetaka. Akaigawa bunduki siku hiyohiyo. "Mume wangu, kaa na kiwiliwili. Wewe mdogo wangu, beba mitutu yote miwili upeleke kwako. Risasi nalala nazo mimi. Anayetaka kuua kitu, kwanza aombe ruhusa kwa watu wawili." Risasi nene akazitia kwenye kopo la kakao. Nyembamba akazitia kwenye kopo la vifungo. Yote mawili akayaficha chini ya rafu ya vitambaa.

Ulikuwa mpango mzuri, na ungebaki mzuri kama Kifua angezaliwa bubu. Lakini muuza nyama bila maneno atauza mifupa. "Bunduki yetu," aliwaambia wateja akikata mbavu, "dada ameigawa kama ng'ombe. Mimi nina shingo, shemeji ana mbavu, yeye kachukua maini!" Watu walicheka. Aliyecheka mpaka mwisho alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mwembamba mwenye macho mekundu, anayeitwa Kutu kwa sababu kila alichokigusa kiliisha.

"Na hiyo shingo umeitundika wapi?" aliuliza Kutu, akipokea mfuko wake wa nyama.

"Nyuma ya friji," alisema Kifua. "Ipate ubaridi."

Jumamosi iliyofuata, mchana, Milimita alikuwa anakereza bomba, mashine inaunguruma, vipande vya chuma vinajikunja miguuni mwake kama nywele za kinyozi. Kivuli kikaingia mlangoni.

"Mikono ya—" alianza, kisha akaona.

Aliyeingia kwanza alikuwa Kifua. Hakuingia kwa miguu yake, alisukumwa. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umechanika mpaka ufizi unaonekana, na damu ilikuwa imeshuka ikakauka juu ya kile kifua cha sifa. Nyuma yake aliingia Kutu na panga. Nyuma ya Kutu akaingia jitu refu, limevaa koti kubwa la kuazima, mkono mmoja umeshika nondo, mwingine umebeba aproni ya muuza nyama iliyofungwa kama mtoto. Kutu akasukuma mlango kwa kisigino, akafunga kitasa.

"Usizime mashine," alisema. "Inapendeza ikilia. Mzee, sina muda. Saa tisa nina kazi mjini na kazi yenyewe inataka bunduki. Shingo ninayo. Nipe mbavu."

"Bunduki gani?" alisema Milimita.

Kutu akamvuta Kifua hadi kwenye meza ya kazi, ambapo jiliwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma, lilikuwa wazi. Akaulaza mkono wa kushoto wa Kifua katikati ya taya zake, akaanza kuzungusha mpini polepole, kwa ustaarabu, kama mtu anayefunga bomba la maji. Kifua aliuma meno. Alipozungusha tena, vidole vililia. Vililia kweli, kama vijiti vibichi chini ya mguu, na ukelele wa Kifua ukapita juu ya mngurumo wa mashine.

"Umekaza kombo," mdomo wa Milimita ulitaka kusema, Mungu amsamehe, kwa sababu taya za jiliwa zilikuwa zimeshika upande mmoja. Akayameza maneno.

"Chini ya sanduku la mabaki," alisema. "Ichukue. Mwache kijana wa watu."

Kutu hakumfungua. Alimwacha vilevile, mkono umenaswa, amepiga magoti kwa maumivu, kisha amelazimika kusimama kwa kuwa kupiga magoti kulivuta vidole zaidi. Mlango wa cherehani ukafunguka. Mwanamke alikuwa amesikia ukelele wa ndugu yake. Jitu refu lilimdaka nywele kabla hajapiga hatua ya pili, likamtupa ukutani, likamwinua tena kwa nywele zilezile. Mkasi ukapiga kifuani pake, tiki. Hawakuujali. Nani anauogopa mkasi wa cherehani?

"Mama, shikamoo," alisema Kutu. "Kaa kimya tutaelewana."

Akafungua aproni. Mitutu miwili ikalala mezani, yote ina mafuta, kwa maana Kifua pamoja na mdomo wake aliitunza. Kutu akaipima kwa mkono, akachungulia matundu, akachukua mnene. Mtu wa vyuma chakavu hununua kwa uzito. "Funga huu," akamwambia Milimita. "Ule mwembamba kapigie filimbi."

Milimita alichukua ufunguo wa pembe sita. Mikono yake ilitulia ilipogusa kazi. Alisafisha, akachomeka, akakaza skrubu ya kwanza. Alijua anachokifunga. Ikishakamilika bunduki hii, nyumba hii haibakizi shahidi. Kutu hakuwa amefunika uso, na mwizi asiyefunika uso ameshakuzika moyoni mwake.

"Risasi?"

"Anazo mke wangu."

"Mpeleke," Kutu aliliambia jitu. Wakatoka, mwanamke mbele, ngumi ya jitu imejaa nywele zake nyuma. Milimita alisikia rafu ya vitambaa ikipekuliwa. Alijua kopo la kakao liko mbele, kwa kuwa alishamwambia mkewe mara nyingi kwamba kubwa linakaa mbele ya dogo. Wakarudi. Mwanamke alinyoosha mkono, akaweka kopo mezani.

Lilikuwa la vifungo.

Ugonjwa wa miaka yote ukapanda kooni kwa Milimita. Mtutu mnene uko hapa. Nyembamba zile pale. Kosa liko mbele ya macho yake, limekaa mezani na kifuniko chake cha maua, na ulimi ukajisukuma wenyewe kama mbwa aliyeona paka.

"Si—"

Panga likageuka. "Si nini?"

Milimita akamtazama mkewe. Mkewe hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Alimtazama vile alivyomtazama siku zote wanapoingia kwenye nyumba ya watu na meza inacheza: jaribu, baba, jaribu tu ukae.

"Si...jakaza skrubu ya pili," alisema Milimita.

"Kaza basi, unangoja sherehe?"

Akakaza. Jasho lilimtiririka likaingia machoni. Kutu akaichukua bunduki, akamimina risasi kiganjani pamoja na vifungo viwili vya blauzi, akapakia. Ziliingia. Akasukuma komeo, likafungwa kwa ulaini. Kila kitu kilionekana kiko sawa kabisa.

Kifua, palepale kwenye jiliwa, alikuwa amefungua jicho lake moja zima. Alikuwa ameziona zile shingo za chupa. Mtu akishaliwa na mbwa kwa ajili ya shingo ile haisahau.

Wakati huo jitu refu lilikuwa limemsukuma mwanamke pembeni, likaegemea mashine ili kupumzika. Koti la kuazima lilikuwa na mikono mirefu mpaka kwenye kucha. Ncha ya mkono mmoja ilining'inia, inapepea kwa upepo wa chuma kinachozunguka, upana wa kiganja tu kutoka pale. Milimita aliliona hilo pia. Maneno yale matatu aliyoyasema kwa kila mtu aliyeingia humo, kuanzia wauza maji hadi mkuu wa polisi, yalimjaa mdomoni. Akafunga midomo. Aliifunga kwa nguvu hadi pengo la jino lile likamuuma.

"Bunduki isiyojaribiwa ni gongo," alisema Kutu. "Tujaribu." Na akainua mtutu, akauelekeza usoni kwa mwanamke, karibu, urefu wa mkono.

Milimita akapima umbali. Mbwa alikuwa na ngozi, na manyoya, na alikuwa mbali. Jicho halina ngozi. Hata punje ya mtama, kwa umbali ule, ingefika ndani. Alipiga hatua, bapa la panga, ambalo Kutu alikuwa amelihamishia mkono mwingine, likamkuta sikioni, akaanguka juu ya mabaki ya chuma yakamchana viganja.

"We Kutu!"

Alikuwa Kifua.

"Unajaribia mwanamke? Ndiyo maana hata maini kwangu ulikuwa unaomba ya kuku! Njoo hapa. Unajua jina langu mimi?"

"Nyamaza, wewe zamu yako ipo."

"Naitwa Kifua!" Akapasua kilichobaki cha shati lake kwa mkono mzima. "Dukani ulikuwa unachungulia hiki kifua kama mbuzi anayechungulia bustani. Sasa unakiogopa? Piga! Au umeshika mwiko wa mama yako? Piga, kutu we, mfuko wa mifupa, mtu unanunua kwato za kuchemshia supu halafu unawaambia watu umekula nyama!"

Mwizi anaweza kustahimili mengi, lakini siri ya kwato haikustahimilika mbele ya jitu lake. Kutu akageuka. Akamwekea mtutu karibu na kifua, akafyatua.

Bunduki ikakohoa.

Kifua alirudi nyuma kadiri mkono ulionaswa ulivyomruhusu, macho yametoka, na katikati ya kifua chake tundu jekundu likafunguka likaanza kutiririka. Lakini Kutu naye alipiga ukelele. Ganda lilikuwa limepasuka ndani, na moshi wa moto pamoja na chembe za shaba ukamrudia kwenye jicho alilolengea. Alivuta komeo. Likakataa. Akavuta tena huku machozi na damu vinamwagika pamoja, akilitukana kama punda.

Milimita alikuwa ameshasimama. Mkono wake ulienda mezani bila kutafuta, kwa maana alijua kila kitu cha meza ile kimelala wapi, ukashika mtutu mwembamba. Alipiga kwanza kifundo cha mkono ulioshika panga, pale mfupa unapokuwa juu. Panga likaanguka. Alipiga taya. Kutu akayumba, akainua bunduki yenyewe kama rungu, ikampata Milimita begani, na Milimita akapiga paji la uso, chini kidogo ya nywele.

Jitu refu liliruka kuja kusaidia. Mwanamke akalichoma ule mkasi pajani, wote, mpaka vidole vyake vikagusa suruali. Nondo ikashuka juu ya mkono wake. Mfupa ukavunjika kwa sauti ya kuni. Hakuuachia mkasi. Aliuzungusha. Jitu likanguruma, likajirudisha nyuma kumkwepa, likaunyoosha mkono ili lijishike lisianguke.

Mashine ikadaka koti.

Haikuwa haraka wala polepole. Ilivuta ncha, ikavuta mkono wa koti, ikajiviringishia, na mkono wa mtu ulikuwa ndani. Lililotoka humo si lugha ya binadamu. Kiwiko kilipita upande ambao viwiko havipiti, ukuta mzima ukanyunyiziwa, na jitu lile lenye urefu wa mlango likazunguka nusu duara hewani kabla koti halijachanika begani likalitema chini. Mwanamke, kwa mkono wake mzima, akapiga swichi nyekundu. Mashine ikazimika.

Katika ukimya ule mpya ilisikika sauti moja tu. Milimita alikuwa amepiga magoti juu ya Kutu. Hakuwa akipiga ovyo kama mtu mwenye hasira. Alikuwa akipiga mahali palepale, kwa nguvu ileile, kwa nafasi ileile kati ya pigo na pigo, kama anavyonyoosha bati.

"Baba," mkewe aliita.

Pigo.

"Baba, basi. Imetosha. Ameshakufa huyo."

Akasimamisha mkono juu. Akautazama mtutu. Ulikuwa umepinda.

"Na mimi je?" ilisikika sauti kutoka kwenye jiliwa. "Au mnasubiri nioze?"

Kifua alikuwa hai, rangi imemtoka kama utumbo uliooshwa. Mkewe Milimita alijikokota, akaweka kidole kwenye lile tundu, akapapasa. Ilikuwa pale, chini ya ngozi, imelala juu ya mfupa wa kidari. Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Milimita akazungusha mpini wa jiliwa kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha binadamu, na shemeji yake akaangukia mikononi mwake na kuzimia kabla hajapata nafasi ya kujisifu.

Jitu liliishi, kwa mkono mmoja, na likasimulia yote mahakamani, hata la kwato. Kutu alizikwa na watu wachache. Kifua alipoteza vidole viwili, na duka lake likapata wateja ambao hawakuwa na haja ya nyama. "Risasi ilifika hapa," aliwaambia, kovu limekaa wazi kati ya vifungo visivyokuwepo, "ikaona jina la mwenye nyumba, ikaomba radhi." Kila wiki risasi ilinenepa. Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa ya kuulia tembo.

Milimita aliisikia hadithi ile kwa masikio yake, amesimama foleni ya mbavu, na hakusahihisha neno.

Hilo ndilo lililomtisha mkewe. Mzee alikuwa amenyamaza siku ile mara tatu, na ilikuwa kana kwamba kitasa kimefungwa na ufunguo kupotea. Wateja waliingia na mikono mirefu. Alizima mashine, akangoja wakunje wenyewe. Polisi walipomrudishia bunduki na mtutu uliopinda, aliutia kwenye jiliwa, akachungulia tundu, hakuona mwanga, akauchomoa. "Unyooshe basi, si ndiyo kazi yako?" mkewe alisema. Alitikisa kichwa tu, akautundika ukutani vilevile kombo, akarudi kukaa. Mikono yake ilipokuwa haina kazi ilikunjika kama inashika kitu chembamba.

Asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai. Meza ilikuwa inacheza. Ilikuwa imecheza wiki nzima. Chai ya mzee ilimwagikia kwenye kisahani, naye akaitazama ikimwagika. Mkewe alivumilia, akavumilia. Mwisho akachana kadibodi ya boksi la nyuzi kwa meno, maana mkono mmoja bado ulikuwa kwenye plasta, akaikunja, akainama chini ya meza akihema na kulalamikia mgongo. Aliisukuma kadibodi chini ya mguu wa kulia, karibu na ukuta, mguu mzima kuliko yote, ambao haujawahi kuwa na kosa tangu meza izaliwe. Akatoka, akaketi, akaegemea meza. Meza ikayumba vibaya zaidi kuliko mwanzo. Akachukua kikombe chake, akanywa kama malkia.

Milimita akaitazama meza. Akamtazama mkewe. Kidevu kikaanza kumchezacheza.

"Si..." alisema.

Mkewe akanywa.

"Si huo!" Kikombe kikagonga kisahani. "Si mguu huo, mwanamke! Wa kushoto! Mbele! Macho unayo ya nini?"

Na akaingia chini ya meza kwa magoti yake mawili, akigombana na kadibodi, na mkewe juu akicheka mpaka mkono uliovunjika ukamuuma.